Bitana

Jumamosi moja asubuhi rafiki yangu alipanda matatu Ruiru akaja kibandani kwangu Makongeni, hapa Thika, na gauni kwenye mfuko wa karatasi. Lilikuwa la kuvaa kwenye ngurario, harusi ya kimila, ya mdogo wake: satini ya rangi ya zambarau iliyoiva, shingo imeteremka kwa umbo la V. "Fundi wangu," alisema kabla hata hajaketi, "nipandishie hii shingo. Ifike juu kabisa." Nilishangaa. Miaka 2 iliyopita alinipigia simu akicheka kama msichana wa shule, akaniambia hatimaye amefanya lile alilokuwa akiliwaza tangu amwachishe ziwa mtoto wake wa pili. Nilijua alichukua mkopo wa Sacco. Nilijua pia kwamba gauni la shingo kama ile ndilo lililokuwa mwisho wa safari yote.

Nilimvalisha, nikasimama mbele yake na pini midomoni, nikaanza kubana mabegani. Pini moja ikaanguka, naye akainama kuiokota kabla sijamwahi. Mlango ulikuwa wazi, jua la saa nne limeingia hadi kwenye cherehani. Hapo nikaona: upande wa ndani wa titi la kushoto ngozi ilikuwa imejikunja kwa mistari mitatu minne iliyosimama, kama shifoni inayolala juu ya bitana iliyokatwa pana kuliko gauni lenyewe. Alipoinuka mistari ikalainika, ukabaki mmoja mwembamba, kisha nao ukapotea.

"Basi umeiona," alisema. "Miezi 8 sasa sijainama mbele ya mtu."

Nikafunga mlango, nikavuta pazia. Akanionyesha na pembeni, karibu na kwapa, ambako mikunjo haiondoki hata akisimama wima. Akaniambia niguse. Nilihisi ukingo chini ya kidole, laini, unaosogea kidogo ukibonyezwa kisha ukarudi palepale, kama bitana iliyojikunja ndani ya koti, unayoihisi kwa nje lakini huwezi kuifikia bila kufumua mshono.

Hatukuwa na neno moja la kuliita jambo lile. Ukisema kipandikizi katika zahanati yoyote ya Thika, muuguzi ataangalia mkono wako wa juu, kwa kuwa hapo ndipo vijiti vya kupanga uzazi vinapowekwa. Yeye husema "mifuko", nami nimemfuata, kwa sababu ndivyo ilivyo: mfuko wa silikoni uliojazwa jeli, au mfuko wa silikoni uliojazwa maji ya chumvi. Mistari yenyewe madaktari huifananisha na viwimbi vya maji. Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nasema mikunjo. Katika kazi yangu mikunjo si sawa na marinda. Marinda umeyapanga wewe, umeyapima, umeyapiga pasi. Mikunjo inajileta, nayo daima ina habari ya kitu kilicho chini yake.

Hili nilifundishwa na mama. Alikuwa mkaguzi wa kitambaa katika kiwanda kimoja cha nguo kwenye Eneo la Viwanda. Aliyekulia Thika anajua eneo lile kwa pua: mkate upande wa Broadways, mafuta na sabuni upande wa Bidco, na upepo ukigeuka, ngozi mbichi za ng'ombe zinazosubiri kusindikwa. Mama alirudi nyumbani akinuka wanga wa nyuzi, vumbi la pamba limemkaa kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza iliyoinama yenye taa nyuma yake, kitambaa kikapita juu ya mwanga mita baada ya mita, naye akitafuta uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta, mstari wa rangi iliyokosea njia. Kosa lisilozidi inchi 3 lilipewa alama 1. La kuanzia hapo hadi inchi 6, alama 2. Hadi 9, alama 3. Refu kuliko hilo, alama 4. Na kulikuwa na kanuni moja niliyoipenda tangu nikiwa mdogo: yadi moja haiwezi kupewa zaidi ya alama 4, hata iwe imeharibika vipi. Ukishaifikisha 4 unaiacha, unaendelea na yadi inayofuata. Nimewaona wanawake wengi mbele ya kioo changu tangu nilipofungua kibanda, na sijamwona hata mmoja anayejikagua kwa kanuni hiyo.

Mama akienda sokoni kununua kitambaa hakukitazama kwanza. Alikibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua mara moja, akajua kama kitasimama peke yake au kitadai bitana, na bitana ya aina gani. Kitambaa chepesi, alisema, hakifichi kitu, kwa hiyo kinachowekwa chini yake lazima kiwe kimekatwa sawasawa, kisizidi na kisipungue. Na ukikosea, usikilaumu kitambaa.

Daktari wa upasuaji wa matiti naye hubana. Hubana ngozi pamoja na nyama ya sehemu ya juu ya titi kwa vidole, akapima unene kwa chombo kidogo chenye mikono miwili. Kama alichokibana hakifikii sentimita 2, wengi huona ni heri mfuko ukae chini ya msuli wa kifua, ili msuli uongezee ngozi unene angalau upande wa juu. Chini na pembeni msuli haufiki vizuri, ndiyo maana hata kwa waliowekewa chini ya msuli mikunjo huanzia huko. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakihitaji umeme.

Mfuko wowote laini hujikunja. Chukua mfuko wa maziwa usiojaa, uushike wima, utaona jinsi maziwa yanavyoteremka na plastiki ya juu ikakunjamana. Wa maji ya chumvi hujikunja zaidi ya wa jeli, na usipojazwa vya kutosha hujikunja zaidi tena. Ukijazwa kupita kiasi nao unakuwa mgumu na kingo zake zinafanya mabonde. Jeli iliyoshikamana sana, ile ambayo ukikata mfuko haimwagiki, hujikunja kidogo. Mfuko wenye uso wa kukwaruza hugandamana na kovu linaloota kuuzunguka, na kovu likivuta, ngozi inavutwa nalo. Mfuko mkubwa ni mzito na hutandaza ngozi ikazidi kuwa nyembamba. Basi mikunjo iko kwa kila mwenye mifuko. Tofauti ni unene wa kilicho juu yake.

Rafiki yangu ni mwembamba. Alinyonyesha watoto 2, na baada ya kunyonyesha nyama ya titi hupungua ngozi ikabaki imelegea. Mifuko yake ni ya jeli, iliwekwa juu ya msuli. Nilipomuuliza kama alibanwa kupimwa unene, alifikiri kwanza. Akakumbuka alipigwa picha mbele na ubavuni. Akakumbuka mifuko 3 iliyowekwa mezani ili achague ukubwa, akachagua wa katikati, akaambiwa wengi huja kujuta kwamba hawakuchukua mkubwa, akabadilisha. Kubanwa hakukumbuka. Karatasi alitia sahihi, kurasa nyingi za Kiingereza, asubuhi ileile ya upasuaji, akiwa na njaa na tayari amevaa joho la hospitali. Huenda mikunjo ilitajwa humo. Sioni kwamba kitu kilichotajwa namna hiyo kimesemwa.

Majuma ya kwanza uvimbe hujaza kila mahali na titi linaonekana la duara, limekamilika. Ndipo picha hupigwa. Uvimbe ukishashuka, baada ya miezi, ngozi inatulia juu ya mfuko na kusema unene wake. Kisha yeye akahamishiwa zamu ya usiku katika kiwanda anakofanya kazi, akapungua kilo 6, na mafuta kidogo yaliyokuwa yakimsitiri yakaenda. Siku moja, akiwa bafuni ameinama kumwogesha mtoto, akayaona mambo kwenye kioo.

Alirudi alikofanyiwa. Aliambiwa ni kawaida. Hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma, kwa sababu kama ni kawaida lilipaswa kusemwa kwa sauti siku ya kwanza, wakati mifuko 3 iko mezani.

Nilitaka kujua kitu hiki kilianzia wapi. Mwaka 1962, mjini Houston, Marekani, madaktari wawili, Thomas Cronin na Frank Gerow, walimwekea Timmie Jean Lindsey mifuko ya kwanza ya silikoni. Inasimuliwa kwamba Gerow alipata wazo hilo alipokuwa ameshika mfuko wa plastiki wa damu akaona jinsi ulivyo laini na joto. Lindsey alikuwa mama wa watoto 6, hakwenda kuongeza matiti. Alikwenda kutolewa chale za rangi kifuani. Wao ndio waliomuuliza kama angekubali, naye alichokuwa akitamani ni masikio yake yarudishwe nyuma. Wakampa vyote. Jambo lililonigusa mimi kama binti wa kiwanda cha nguo ni kwamba ile mifuko ya mwanzo ilikuwa na viraka vya kitambaa upande wa nyuma, poliesta ya Dacron, ili nyama iote ndani ya kitambaa na kuishikilia ukutani mwa kifua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza palikuwa na mshonaji ndani ya habari hii.

Miaka iliyofuata kuta za mifuko zikafanywa nyembamba ili iwe laini, ikaanza kuvuja; zikafanywa nene tena. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia ile ya jeli kwa wanaotaka urembo tu, hadi 2006, na katika miaka hiyo 14 wanawake wa huko walipewa ya maji, ile inayojikunja zaidi. Ukitazama hivyo unaona kwamba mikunjo kwenye kifua cha mtu ina historia ya sheria na ya viwanda. Si siri ya mwili wake peke yake.

Na viwanda hudanganya pia. Kampuni ya PIP, iliyokuwa La Seyne-sur-Mer kusini mwa Ufaransa, ilijaza mifuko yake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kuingia mwilini, kwa kuwa ilikuwa rahisi, ikaiuza nje miaka mingi. Iligunduliwa 2010. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Mama angelielewa kosa lile upesi kuliko mimi. Alizoea kusema mkaguzi akishajua kwamba pamba iliyoingia siyo iliyoandikwa kwenye hati na akanyamaza, basi meza yote ya taa ni maonyesho tu.

Nilimuuliza rafiki yangu kama ana kadi. Kila mfuko hutoka kiwandani na namba yake, na mwenye mwili anapaswa kupewa kadi yenye jina la mtengenezaji, namba hiyo na ukubwa. Ni kama kile kikaratasi kinachofungwa kwenye robota la kitambaa. Bila hicho robota halina baba wala mama. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya uso wa kukwaruza iliyohusishwa na saratani ya nadra ya mfumo wa limfu inayoota kwenye kovu linalouzunguka mfuko, na mwanamke asiye na kadi angejuaje kama ni yake? Yeye alikuwa nayo. Aliitoa kwenye pochi, imekunjwa mara nne, imekaa pamoja na vitambulisho vya kliniki vya watoto.

Sasa nifike nilikokuwa nikienda. Kwenye chama chao cha wanawake alijaribu mara moja kulisema. Hakuvua, alisema tu kwamba hakupona vizuri. Mmoja akamjibu: si ulijitakia? Mwingine, kwa upole kabisa, akamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Nami kila nikiinama," aliniambia, "ndipo inapoonekana." Tangu siku hiyo hakusema tena.

Neno lile la kujitakia nimelisikia mara nyingi. Mwishoni mwa Oktoba 2024, baraza linalosimamia madaktari nchini lilipofunga kliniki moja ya urembo jijini Nairobi baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji, nilikuwa kwenye matatu ya 237 kutoka mjini, na tangu Roysambu hadi Juja abiria wawili nyuma yangu walilijadili. Mtu amekufa. Walichokiona kwanza ni kwamba alijitakia. Ni kama kutaka kumeondoa haki yote inayofuata: haki ya kuelezwa, ya kupimwa, ya kulalamika, hata ya kuliliwa. Hatufanyi hivyo kwa mengine. Mtu akinunua ploti Ruiru akauziwa ya mtu mwingine, hatumwambii alijitakia ardhi. Tunamsindikiza kwa chifu.

Kuna wateja wangu wengine ambao titi liliondolewa kwa saratani, baadhi yao wametibiwa pale hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilomita chache kutoka Ruiru. Nawashonea vifuko vya pamba vya kuweka ndani ya sidiria, najaza nafaka ya wimbi ili viwe na uzito na visipande shingoni wakinyoosha mikono. Wachache mno huweza kulipia titi jipya. Na anayeweza, akiwekewa mfuko, mikunjo humtokea upesi zaidi, kwa kuwa nyama yote imeondolewa na imebaki ngozi tupu na mafuta yake haba. Mfuko ni uleule, ngozi ni ileile ya binadamu, mistari ni ileile. Mmoja tunamwombea. Mwenzake tunamcheka. Sijawahi kuona, nikiwa nimepiga magoti na pini mbele ya wote wawili, tofauti hiyo imeandikwa wapi kwenye mwili.

Sikumwambia rafiki yangu kwamba haionekani. Inaonekana. Nilimwambia ninachokijua, na kingine tulikisoma pamoja siku nyingine, polepole, hadi akaacha kuvuta pumzi juu juu. Mikunjo yenyewe si ugonjwa. Hakuna mafuta ya kupaka wala zoezi linaloiondoa, kwa sababu haimo kwenye ngozi. Akirudisha zile kilo huenda ikafifia kidogo. Kuna madaktari wanaoweza kubadilisha mfuko, kuweka wa jeli iliyoshikamana zaidi au mdogo zaidi, kuuhamishia chini ya msuli. Kuna kuvuta mafuta kutoka tumboni au mapajani na kuyachoma kwa sindano juu ya mfuko, ingawa sehemu ya mafuta hayo mwili huyanyonya, na mara nyingine hurudiwa. Kuna kuweka tabaka la ngozi iliyosafishwa seli zote, ya nguruwe au ya binadamu aliyeitoa, kati ya mfuko na ngozi ya mgonjwa. Niliposoma hilo nilisimama kidogo, nikakumbuka harufu ya kiwanda cha ngozi na watu wanaozipima unene huko, kisha nikaelewa kwamba ni bitana, bitana halisi. Na kuna kuitoa mifuko kabisa, ambalo nalo ni jibu. Kila mojawapo ni upasuaji, pesa na kovu. Bima ya afya ya taifa, SHA, haimlipii mtu urembo.

Pia mifuko haikutengenezwa ikae maisha yote. Mkunjo unaojikunja mahali palepale miaka nenda miaka rudi unaweza kuuchosha ukuta wa mfuko ukapasuka hapo, na ule wa jeli ukipasuka mara nyingi hausemi. Ndiyo sababu mamlaka ya Marekani inashauri picha ya MRI au ya mawimbi ya sauti kati ya mwaka wa 5 na wa 6, na baadaye kila miaka 2 au 3. Hili nalo hakuambiwa. Titi likivimba ghafla, likibadilika umbo au kupata uvimbe mpya, asingoje tarehe hiyo.

"Niandikie," alisema. "Nikifika mbele ya daktari nitasahau yote."

Kitu pekee cha kuandikia kilichokuwa karibu kilikuwa daftari langu la vipimo, lile kubwa lenye jalada jeusi, ambamo kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Chini ya jina lake nikaandika alivyokuwa akitaja. Nibane, nione unene ni sentimita ngapi. Mfuko uko juu au chini ya msuli? Ukiutoa bila kurudisha mwingine nitaonekanaje? Umefanya marekebisho ya namna hii mara ngapi? Nionyeshe picha ya mtu mwembamba kama mimi, baada ya mwaka, ameinama. Hilo la mwisho alilirudia, nikalipigia mstari. Nikaupiga ukurasa huo picha kwa simu yake, kwa sababu daftari silichani.

Kisha tukarudi kwenye gauni. Shingo nilimpandishia kwa lesi ya rangi ileile, si juu kabisa kama alivyotaka mwanzo, hadi pale aliposema basi. Nilimwambia ainame mbele ya kioo, akainama, akatazama muda mrefu. Alitazama mshono, akatazama lesi, akauliza kama itawasha akitoka jasho. Nikamwambia nitaitilia bitana ya pamba.

Alipokuwa akivaa nguo zake nilichukua vipimo upya, maana vile vya zamani vilikuwa vya kabla ya zamu ya usiku. Bega niliandika kwa kalamu. Kiuno na nyonga, kwa kalamu. Kwenye mstari wa kifua nilitafuta penseli.